Antivairasi Niliyoilipia Imemla Mlinzi Mwenzake

Antivairasi ninayoilipia kila mwaka, ambayo jina lake nitalisitiri ingawa haistahili stara hiyo, imeifungia karantini, yaani mahabusu ya mafaili inayoyashuku, programu yangu ya Sandboxie (sandiboksi, yaani boma la kuendeshea programu nyingine ili zisiichafue kompyuta) kwa mara nyingine, na safari hii uvumilivu umenishinda. Haikuniuliza wala haikunionya. Kidirisha kidogo kilijitokeza pembeni mwa skrini kikitangaza kwa majivuno, "Tishio limeondolewa. Hakuna unachotakiwa kufanya," kumbe tishio lenyewe lilikuwa faili ambalo bila hilo sandiboksi nzima haiwaki. Nilipobofya brauza, ule mstari wa manjano unaozunguka dirisha la programu iliyo ndani ya sandiboksi sikuuona, kwa kuwa hata dirisha lenyewe halikufunguka.

Chanzo cha ugomvi nakielewa. Sandiboksi huweka draiva, yaani kijiprogramu cha chini chini, ndani kabisa ya Windows, ikanasa kila jaribio la programu iliyofungiwa humo kuandika kwenye diski na kulielekeza kwenye folda ya pembeni, ili ukimaliza ufute vyote na kompyuta ibaki kama ilivyokuwa. Antivairasi nazo, nyingi zake, hujipenyeza ndani ya kila programu inayofunguliwa ili ziichunguze. Wawili hao wanang'ang'ania mlango mmoja. Lakini Sandboxie si mgeni wa jana: Ronen Tzur aliitoa mwaka 2004, Sophos wakaifanya ya bure mwaka 2019, na tangu mwaka 2020 msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kampuni inayojinadi kuwa na wataalamu usiku na mchana inashindwaje kuitambua?

Kilichonichefua zaidi ni huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaambatanisha picha ya skrini, nikaeleza kwamba folda ilimosakinishwa sandiboksi nimeiingiza kwenye orodha ya vitu visivyoguswa, na kwamba kila sasisho kubwa linapokuja orodha hiyo hufutika, nami hulazimika kulitoa faili karantini, kuijaza orodha upya na kuiwasha kompyuta tena. Jibu lilikuwa, "Ndugu mteja, bidhaa yetu inatosha. Tafadhali ondoa hiyo nyingine." Nikauliza kwa nini orodha inafutika. Nikaletewa jibu lile lile, nukta kwa nukta, kisha mazungumzo yakafungwa na nikaombwa niwape nyota. Nyota!

Bidhaa yao haitoshi. Antivairasi hutegemea kuitambua hatari, ama kwa alama inazozijua ama kwa mwenendo unaotia shaka, na kirusi kipya kinaweza kuipita bila kusalimiana nayo. Sandiboksi haijali kama faili linajulikana au halijulikani. Linafunguliwa humo, linafanya fujo zake humo, linafutwa humo humo. Ningeisikiliza hasira peke yake, ningewashauri muing'oe antivairasi ya kulipia leo hii na kubaki na Sandboxie pamoja na Microsoft Defender, antivairasi ambayo tayari imo ndani ya Windows.

Hata hivyo, kalamu inasita. Kwa mipangilio yake ya kawaida sandiboksi huzuia kuandika, haizuii kusoma. Programu mbovu iliyofungiwa humo bado inaweza kuchungulia nyaraka zako na kuzituma nje kupitia intaneti, mpaka wewe mwenyewe uizuie isizifikie folda hizo wala mtandao. Ndiyo maana kwenye orodha ya visivyoguswa naweka folda ya programu yenyewe tu, wala si ile inayohifadhi yaliyomo, ili antivairasi iendelee kuyapekua. Tena, si zamani sana, nilipokuwa nikilihamisha faili nililolipakua kutoka ndani ya sandiboksi kwenda kwenye folda ya kawaida, antivairasi hii hii ninayoisimanga ililidaka kabla sijalifungua. Lilikuwa bovu kweli, na sifa hiyo naitoa shingo upande.

Basi zote mbili bado zipo kwenye kompyuta yangu, zikigombana. Antivairasi naipa nyota mbili. Nilikusudia tatu kwa ajili ya faili lile, nikakumbuka lile "bidhaa yetu inatosha" nikaipokonya moja. Muda niliolipia ukiisha nahamia Defender, labda tu sasisho lijalo liiache orodha yangu salama, na hata hapo watanipata kwa shida.