Makumbusho ya shaba Lubumbashi nikiwa kwenye kiti cha magurudumu: uzoefu wangu

Kama unatumia kiti cha magurudumu au magongo, au una mzee nyumbani ambaye masikio yamechoka, na unajiuliza kama inafaa kwenda kwenye makumbusho ya uchimbaji na uyeyushaji wa shaba hapa Lubumbashi, jibu langu ni hili: nenda, lakini piga simu kwanza, na usiende peke yako. Nimetoa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za wafanyakazi, moja ni ya vitu vyenyewe. Jengo sikulipa hata nyota moja.

Jina la mahali siliandiki. Wasimamizi nimeshawapelekea maoni yangu kwa maandishi, na mengi niliyoyakuta kwao yako pia kwenye majengo mengine ya mji huu yanayopokea watu. Ni karakana ya zamani iliyogeuzwa makumbusho: paa la bati, kuta za matofali mekundu, na ndani mashine zilizofanya kazi tangu enzi mji ulipoitwa Élisabethville.

Mimi niliugua polio nikiwa mtoto, natembelea kiti cha magurudumu. Nilikwenda na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyefanya kazi kwenye matanuru ya shaba mpaka akastaafu. Kelele za kiwandani zimemwachia sikio moja tu, nalo ni nusu. Ukimtazama usoni ukasema polepole anakuelewa, ukigeuka, umempoteza.

Nataka mnielewe kwa nini jambo hili linanigusa. Makumbusho ya viwanda yanatofautiana na mengine kwa sababu watu waliotengeneza historia yake wengi walitoka kazini na miili iliyoumia. Kuna waliopoteza kusikia, kuna waliokatwa vidole au mguu, kuna wenye vumbi kwenye mapafu wasioweza kupanda ngazi kumi bila kusimama. Hao ndio wageni wa kwanza wa nyumba kama hii, na watu wanaozijua mashine hizo kuliko maandishi yoyote ya ukutani. Nyumba inayowaacha nje inahifadhi chuma na kupoteza wenye chuma.

Kufika kwenyewe si kazi. Taxibus nyingi hazikitaki kiti changu, na zikikubali nalipa nafasi mbili, kwa hiyo tulikodi teksi kutoka Katuba na dereva akatushusha getini. Shida inaanza hapo. Kutoka getini hadi mlangoni wamemwaga kokoto nyeusi, mabaki ya kuyeyusha shaba, kama yale ya kilima kikubwa tunachokiona sote karibu na bomba refu la moshi. Nakubali kwamba zinapendeza na zinaeleza habari ya mahali. Lakini magurudumu madogo ya mbele yanazama humo, na mtu wa magongo anateleza. Njia ya zege ya upana wa mita moja na nusu ingetosha, na kokoto zingebaki pande zote mbili.

Mlangoni kuna ngazi nne. Walinzi wawili walikuja mbio kwa moyo mzuri: "Mama, tukubebe?" Kubebwa kuna hatari ambayo asiyekaa kwenye kiti haioni. Watu hushika sehemu za kuwekea mikono, nazo kwenye viti vingi zinachomoka. Kiti kinabaki mkononi na mtu anakwenda chini. Niliwaelekeza washike fremu yenyewe, mmoja nyuma na mmoja mbele, na wanipandishe kinyumenyume. Walisikiliza vizuri kabisa. Wakati wa kutoka walileta ubao wa mita mbili wakasema ndiyo rampu yao.

Hapa naomba tufanye hesabu, kwa sababu wengi wanadhani ubao wowote ni rampu. Kanuni inayotumika sana duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi nne za sentimita 17 kila moja ni sentimita 68. Zidisha kwa 12 upate mita 8 na sentimita 16. Ubao wa mita mbili kwa kimo hicho ni mkali mara nne kuliko inavyotakiwa, na kiti kinaweza kumwangusha mtu chali. Nafasi ya mita nane wanayo, ukuta wa mbele ni mrefu. Kinachotakiwa ni simenti, kingo za pembeni ili gurudumu lisitoke, vyuma vya kushikia pande mbili, na pale juu mbele ya mlango sehemu tambarare ya mita moja na nusu ili mtu asimame na kugeuka. Fundi yeyote wa mitaa ya mji huu kama Kamalondo au Kenya anaweza kuijenga akipewa vipimo.

Ndani sakafu ni nzuri, isipokuwa reli za wagoneti, vile vigari vya kubebea mawe mgodini, zinazokatiza ukumbi mzima. Pengo la pembeni mwa reli linameza gurudumu dogo. Wenzangu wa viti, vukeni reli hizo moja kwa moja, msizivuke kwa mshazari, na ikiwezekana mpite kinyumenyume ili magurudumu makubwa yatangulie. Kwa wenye nyumba: jazeni mapengo kwa mbao au mpira hadi usawa wa sakafu. Reli itaonekana vilevile.

Meza za vioo ziko juu mno. Macho yangu nikiwa nimekaa yako kama mita moja na sentimita 15 kutoka chini, nao wamelaza mawe na misalaba ya shaba kwenye meza ya zaidi ya hapo. Niliona mng'ao wa taa na ukingo wa mbao. Maandishi ni madogo, meupe juu ya kijivu, na yote ni ya Kifaransa. Hilo la lugha linaniuma peke yake: kambi za wafanyakazi wa shaba ziliishi kwa Kiswahili, na wajane wengi wa wachimbaji hawasomi Kifaransa.

Sasa nieleze yaliyonifanya nitoe zile nyota mbili.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake. Alianza kama wanavyoanza wote: mgongo kwetu, uso kwenye mashine, sauti ikigonga bati la juu na kurudi. Akasema kwamba shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilitoka mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika kutoka kusini, na kwamba mawe ya mwanzo yalitoka mgodi wa Étoile, jirani na mji. Mjomba akanivuta mkono: "Mama, anasema nini?" Nikamwomba kijana amtazame mzee badala ya kuitazama mashine, na asimame pale mwanga wa dirisha unapomwangukia usoni. Hakukasirika. Aliomba samahani kwa mzee, akavuta viti viwili, akamkalisha, naye akakaa mbele yake, akaanza upya.

Tangu hapo ziara ikawa nyingine. Tulipofika kwenye chombo kikubwa cha chuma chenye masikio mawili, kijana akasoma kwamba kilikuwa cha kuyeyushia. Mjomba akainua mkono kama mwanafunzi. "Hii haiko ya kuyeyusha, mwanangu. Hii iko ya kumwagia." Akaeleza jinsi mawe yalivyoyeyuka tanuruni, jinsi uchafu ulio mwepesi ulivyoelea juu na kile kizito chenye shaba kikakaa chini, jinsi walivyotoa uchafu huo na kuupeleka kilimani, kisha kile kizito kikamwagwa kwenye tanuru jingine linalopulizwa hewa hadi chuma na salfa vitoke. Akaonyesha mahali mnyororo wa winchi ulipokuwa ukinasa, akaonyesha alama za kulika. Kijana akatoa daftari akaandika. Wanafunzi waliokuwa upande wa pili na mwalimu wao wakasogea, wakamzunguka mzee, na mwalimu akawa anamtafsiria maswali yao kwa kuyaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Yote hayo yaliletwa na mtu kugeuza uso. Hakuna simenti iliyotumika wala fundi aliyelipwa. Ndiyo maana nasema kila anayeongoza wageni kwenye makumbusho ya viwanda afundishwe haya kabla ya siku yake ya kwanza: mtazame mgeni, simama kwenye mwanga, mashine iliyowashwa kwa maonyesho izimwe unaposema, jina gumu liandike.

Kijana alifanya jambo la pili zuri. Alipoona siwezi kuona ndani ya meza, alikwenda kuomba ruhusa, akafungua kioo, akaniwekea mapajani msalaba mmoja wa shaba. Hiyo ni misalaba iliyomwagwa na wahunzi wa Katanga muda mrefu kabla ya kampuni yoyote, ikatumika kama fedha na kwenye mahari. Ni mizito kuliko inavyoonekana kwenye picha. Nikaupitisha kidole, upande mmoja laini, upande mwingine una makunyanzi. Nikafikiria wasioona. Kwao, ziara nzima ya vioo haina kitu, na nyumba imejaa vitu ambavyo mkono hauwezi kuviharibu: mawe ya kijani ya malakiti, mikate ya shaba, nyundo, kofia. Meza moja ya kugusa, ya kimo cha sentimita 75 na wazi chini ili magoti yaingie, ingemhudumia asiyeona, mtu wa kiti na mtoto kwa pamoja.

Filamu ya zamani wanayoonyesha haina maandishi. Mjomba alitazama picha akijieleza mwenyewe. Kama kuweka maandishi kwenye filamu ni gharama, karatasi iliyochapwa maneno yake kwa Kiswahili na Kifaransa inatosha kuanzia. Ghorofani sikufika, ngazi ni za chuma, nyembamba na kali. Lifti ni fedha nyingi, siwadai kesho. Lakini waseme dirishani kabla mtu hajalipa, wapunguze tiketi, na waweke chini picha kubwa za vilivyoko juu. Anayemsindikiza mtu mwenye ulemavu asitozwe.

Choo: mlango mwembamba, kiti hakipiti. Kiti cha kawaida kina karibu sentimita 65 hadi 70, na mlango unapaswa kuacha nafasi wazi ya angalau 80. Panga ziara yako ukijua hilo.

Nimesikia hoja kwamba mahali pa viwanda ni pa hatari kwa asili yake na hapawezi kurekebishwa. Wales kuna mgodi wa makaa ya mawe uitwao Big Pit, uliofungwa mwaka 1980 na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1983. Wageni hushuka mita 90 chini ya ardhi, na wa viti vya magurudumu nao hushuka wakiwa wamepanga mapema. Mgodi wa chumvi wa Wieliczka huko Poland una njia iliyotengwa kwa viti, chini ya ardhi. Wenzetu wameteremsha kiti mgodini. Sisi tunaongea kuhusu sentimita 68.

Tena kwetu ni haki iliyoandikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kumlinda. Nchi imejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja makumbusho waziwazi. Na tuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Vikundi vyetu vya watu wenye ulemavu mkoani Haut-Katanga vinapoandika barua, viandike namba hizo ndani ya barua.

Wasimamizi walinijibu kwa heshima. Walisema wataanza na njia ya zege, na maandishi ya kile chombo cha kumwagia yatarekebishwa. Tarehe hawakutaja. Mimi ningeanza na mafunzo ya waongozaji na kujaza mapengo ya reli, kwa sababu hayo yanawezekana mwezi huu huu, kisha rampu.

Kwa anayekwenda sasa: nenda asubuhi, mwanga wa madirisha ni mzuri na hata umeme ukikatika mzee ataona midomo. Piga simu siku moja kabla, taja upana wa kiti chako, omba mwongozaji mmoja kwa ajili yenu na kioo cha misalaba kifunguliwe. Na kama unayempeleka alifanya kazi kwenye shaba, waambie hivyo dirishani, kwa jina la kazi yake na miaka aliyokaa, ili wamtengee kiti mbele na kijana aje na daftari.