Mavazi ya watoto wa kiume kwenye chakula cha usiku melini: nyota mbili, tena kwa shingo upande

"Nguo za kulalia." Ndivyo mkuu wa wahudumu alivyoiita kanzu ya mwanangu mlangoni mwa ukumbi mkuu wa chakula, jioni ya mavazi rasmi, foleni ya watu imejaa nyuma yetu. Kanzu nyeupe, mpya, imenyooka. Kofia ya viua ya Lamu. Viatu vyeusi vya kufunika na soksi juu. Akaongeza kwamba kapelo haziruhusiwi mezani, kwa hiyo kofia ivuliwe, na kama mtoto hana suruali basi bufee iko ghorofa ya juu. Anasema hayo huku bwana mmoja mwenye jinzi iliyochanika magoti yote mawili akipita pembeni yetu na kukaribishwa kwa tabasamu. Na meli yenyewe, ya kitalii, imetoka bandari ya Dubai! Mwanamume wa Dubai akitaka kupendeza anavaa nini kama si kanzu?

Nawapa nyota mbili. Ingekuwa moja, ila chakula chenyewe sikukiona kosa.

Mjue kwanza kanuni ilivyo, maana pale mlangoni asiyeijua alikuwa mwenye cheo. Kila siku ratiba ya meli, iwe karatasi inayoachwa chumbani au programu ya simu, hutaja vazi la jioni hiyo. Safari ya siku saba kwa kawaida huwa na jioni mbili rasmi, fupi ya siku tatu au nne huwa na moja. Mara nyingi huwekwa siku ambayo meli inashinda baharini bila kufunga bandarini, kwa kuwa abiria wana muda wa kuoga na kujipamba. Jioni zilizobaki ni nguo nadhifu za kawaida. Vinavyokatazwa ukumbini karibu kampuni zote ni vilevile: nguo za kuogelea, singlendi, kandambili, bukta za mazoezi, jinzi zilizotoboka, kapelo. Soma tena orodha hiyo. Kanzu iko wapi? Zipo kampuni za Uingereza zinazoandika wazi kabisa kwamba vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika sawa na suti. Basi tatizo halikuwa kanuni. Lilikuwa lile jicho la dharau.

Kwa watoto kanuni hulegezwa zaidi. Chini ya miaka 12, kaptula ya kitambaa iliyokaa vizuri, shati lenye kola likichomekwa na mkanda ukafungwa, hupita meli nyingi hata pale ambapo baba yake angerudishwa akabadilishe. Akifika 13 mhesabuni mtu mzima: suruali ndefu, shati la kola, viatu vya kufunika. Kwa kijana wa umri huo msibahatishe.

Sasa kanzu. Sitaki mzazi asome hapa halafu amnyime mtoto wake kanzu kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kiburi. Mvalisheni, lakini iwe kanzu ya kufaa melini, na hapo fundi cherehani lazima aambiwe mapema. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, kama sentimita 2 au 3. Ile inayofagia chini inapendeza Idi, lakini melini kuna ngazi zenye zulia nene, na chombo kikianza kuyumba mtoto anakanyaga pindo anaanguka na sahani yake. Mikono isiwe mipana kupita kiasi wala isivuke kifundo cha mkono, kwa sababu mkono mpana ndio unaoingia kwenye supu kabla ya kijiko. Kitambaa kiwe mchanganyiko wa pamba na poliesta. Pamba tupu ni nzuri kwa joto, lakini ikitoka kwenye sanduku ina makunyanzi ya mzee wa miaka tisini, na melini pasi huna (hilo nitalirudia, linaniudhi peke yake). Ndani avae fulana nyeupe ya mikono na kaptula nyeupe inayofika gotini. Taa za ukumbi ni kali, na kanzu nyembamba huonyesha kila kilichomo ndani, zikiwemo zile nguo za ndani zenye picha za katuni.

Chukueni kanzu mbili, moja nyeupe na moja ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Nyeupe ya kupigia picha, ya pili ya kulia. Menyu ya watoto karibu kila meli ina tambi za sosi ya nyanya, na hakuna mtoto aliyewahi kuzila bila kurusha tone kifuani. Doa la nyanya lisiguswe na maji ya moto. Geuza kitambaa, pitisha maji baridi kutoka upande wa nyuma ili doa litoke lilikoingilia, kisha tia sabuni ya maji kidogo, acha dakika kumi, suuza. La mchuzi wenye manjano ni balaa jingine: likikutana na sabuni linageuka jekundu, mama mtu anapiga kelele akidhani ameharibu. Hajaharibu. Asuuze tu mpaka wekundu uondoke. Manjano yanayobaki dawa yake ni jua, na nguo kuanikwa kwenye roshani ya chumba cha meli hairuhusiwi, hivyo kanzu hiyo itasubiri nyumbani.

Kofia ya viua isitiwe kwenye sanduku kavukavu. Ijazeni soksi ndani ikae duara lake, halafu itumbukizwe kwenye bakuli gumu la plastiki lenye mfuniko, lile la kuwekea chakula. Ikishabonyea, upande hausimami tena mpaka ifuliwe na kutiwa wanga upya, na kule hakuna atakayekufanyia kazi hiyo. Nasema haya yote kwa sababu kofia ile, ambayo yule mkuu wa wahudumu alitaka ivuliwe kama kitu cha kukinga jua uwanjani, imeshonwa kwa mkono tundu moja baada ya jingine. Kazi ya miezi. Halafu mtu anasema kapelo!

Nikikumbuka hapo ile nyota ya pili naitaka irudi mfukoni.

Haya, kwa wasiotaka kubishana na mtu mlangoni, seti ya suruali ndiyo hii, na inatosha wiki nzima. Suruali mbili: kadeti ya buluu iliyokoza na ya kitambaa nyeusi au kijivu. Mashati matatu: jeupe la mikono mirefu, la buluu hafifu, na fulana moja yenye kola. Koti si lazima kwa mtoto, lakini nalibebesha hata hivyo, kwa sababu viyoyozi vya ukumbi ni baridi kweli na mtoto akishaanza kutetemeka hali chakula. Tai ya mpira au ya kubana ndiyo yenye akili. Ile ya kufunga fundo ataivuta mpaka imkabe kabla mkate haujafika mezani. Suti ya vipande vitatu muachieni bwana harusi, kizibao kinamzuia mtoto kuinama na kufikia jioni ya pili kimepoteza kifungo.

Ukubwa ndio unaowaponza wengi. Suti ikinunuliwa miezi sita kabla ya safari, mtoto wa miaka tisa au kumi ataivaa kama ya kuazima. Nunueni wiki tatu hivi kabla, muda unaotosha fundi kurekebisha. Tafuteni suruali yenye mpira wa kiunoni wa kukaza kwa vifungo upande wa ndani, na miguuni mwambieni fundi aache akiba ya sentimita 4 au 5 aikunje bila kuikata. Viatu viwe na nafasi ya unene wa kidole gumba mbele, soli ya mpira, kwa sababu soli ya ngozi huteleza kwenye marumaru za ukumbi wa mapokezi. Avivae nyumbani siku kadhaa kwanza. Raba nyeusi zisizo na maandishi makubwa hupita jioni za kawaida, nimeona zikipita hata zile rasmi, ila msinishike kwa hilo.

Pasi. Pasi ya umeme hairuhusiwi chumbani kwa sababu ya hofu ya moto, na ile ya mvuke ndiyo hiyohiyo: mizigo inapopigwa picha za eksirei wakati wa kupanda, wataitoa na kuirudisha siku ya kushuka. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi kwa abiria wote, nyingine hazina kabisa, na huduma ya kupigiwa pasi hulipiwa kwa kila nguo. Kwa hiyo nguo zikunjwe kwa kuviringishwa, katikati wekeni mfuko wa nailoni ili zisikwaruzane. Mkifika tu, zitundikwe bafuni, fungulieni maji ya moto dakika kumi mlango ukiwa umefungwa, kisha zinyoosheni kwa kiganja cha mkono zikiwa na unyevu. Kola itakataa. Kola ishikeni kwa vidole mpaka ikauke.

Lakini jambo la kwanza kabisa linaloharibu mipango ni sanduku kuchelewa. Mizigo mikubwa mnaikabidhi bandarini na inaletwa mlangoni kwa chumba chenu saa yoyote mchana ule, wakati mwingine usiku, chakula kimeshaanza. Nguo za jioni ya kwanza za mtoto, pamoja na viatu, ziwe kwenye begi la mkononi. Msitegemee duka la melini: manukato yapo, saa zipo, fulana za watu wazima zenye jina la meli zipo, suruali ya mtoto wa miaka tisa hakuna. Tuliambiwa tukanunue suruali huko. Nani aliwahi kuiona?

Chagueni zamu ya kwanza ya chakula, ile ya saa kumi na mbili hivi. Ya pili huanza saa mbili au mbili na nusu usiku, na mtoto aliyeshinda bwawani atalala juu ya kitindamlo akiwa na shati jeupe.

Kuhusu malalamiko yetu: tulikwenda mapokezi usiku uleule, tukaandika. Kesho yake ikaletwa sahani ya stroberi zilizochovywa kwenye chokoleti na kadi ya kusema wanasikitika "ikiwa" tumejisikia vibaya. Ikiwa! Hapo nikashusha mpaka nyota moja na wala sikutaka kusikia la mtu. Mtoto alizila zote, hilo nakiri.

Lakini jioni rasmi ya pili mlango ulikuwa na mama mmoja, msimamizi mwingine. Mwanangu alitaka avae shati, mama yake akamvalisha kanzu ileile na kofia ileile. Yule mama akamsalimia kwanza yeye kabla yetu, akauliza kofia imeshonwa wapi, akatupeleka meza ya dirishani. Hakuna aliyemwambia kitu chochote. Mhudumu wa meza akamfunga kitambaa kikubwa shingoni bila kuombwa, tambi zikaliwa, kanzu ikatoka salama. Kampuni ileile, meli ileile, kanuni ileile.

Kwa hiyo nyota tatu? Kwa wahudumu wa meza na yule mama, hata nne ningetoa. Kwa yule wa mlango wa kwanza sina nyota, nina sikio langu tu la kusubiri kusikia kama amefundishwa kazi. Nikichanganya zote zinarudi mbili, na mbili zibaki.

Mkitaka kanzu ivaliwe bila vita, andikieni kampuni barua pepe kabla ya kulipa salio. Ulizeni hivi tu: mtoto wa miaka fulani atavaa vazi rasmi la kwao, kanzu ndefu na kofia ya kushona, jioni za mavazi rasmi kwenye ukumbi mkuu, je, linakubalika, na kofia itabaki kichwani? Msiulize kwa simu. Jibu lichapisheni, nakala moja ikae mfukoni mwa baba, nyingine ipelekwe kwa msimamizi wa ukumbi mchana wa siku ya kwanza, wakati wahudumu wanapanga meza na hakuna foleni ya kujionyeshea.