Eksteno ya TB 1: kuifomati bila kuzika kazi zako

Mbukwenyi wadau! Leo nipo Area C, dirisha nimelifunga maana upepo wa Dodoma mnaujua, na vumbi lake halina adabu kwa vifaa. Mezani ninayo hii eksteno ya TB 1, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, ile yenye sahani inayozunguka ndani, siyo SSD isiyo na kinachozunguka. Huu mwaka wa pili naitumia kwenye video za harusi na sendofu, kwa hiyo nitakayosema nimeyaonja.

Umbo sina ugomvi nalo, inaingia mfuko wa shati. Ukiichomeka itaonyesha GB 931, siyo 1,000. Usirudi dukani kugombana: kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Kinachoniudhi ni waya. Sogeeni muone huu mdomo bapa. Nikiugusa hivi tu... mmesikia mlio? Imejichomoa. Hebu fikiria hilo litokee katikati ya kunakili harusi ya watu.

Sasa lile swali lenu la kila siku: "Kaka, nataka kuifomati lakini vitu vyangu vibaki." Hakuna kitu kama hicho, jamani. Diski ni ghala, na ghala lina daftari. Ukifomati kwa haraka unachana daftari. Magunia bado yamo, ila hakuna anayejua lipi liko wapi, na mzigo mpya ukija unapangwa juu ya wa zamani. Ukiondoa tiki kwenye Quick Format ndiyo kabisa, Windows inapita kila kona inaandika sifuri.

Njia moja tu haifuti. FAT32, NTFS na exFAT ni mitindo ya kuandika lile daftari. Kama diski ni FAT32 na unataka iwe NTFS, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike convert e: /fs:ntfs, ukiweka herufi ya diski yako. Mafaili yanabaki. Lakini hairudi nyuma, na exFAT haimo kwenye mpango huo. Hata hapo mimi nanakili kwanza.

Yangu ilikuja na NTFS. Mhariri wangu anatumia Mac, na Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki ndani yake. FAT32 nimewaachia wenye flashi za sabufa, maana faili moja haliruhusiwi kufika GB 4, na hotuba ya mjomba peke yake inapita hapo. Ikabaki exFAT, inayoelewana na Windows na Mac zote. Ubaya wake haina kumbukumbu ya kujitibu kama NTFS, ukichomoa ghafla inaumia haraka.

Nilikuwa na GB 600 ndani. Nikaazima diski ya jirani, nikachomeka zote mbili kwenye matundu ya buluu, yale ya USB 3. Ilichukua kama saa mbili. Kwenye tundu la kawaida ningekesha. Nimetumia laptopu yenye chaji, siyo kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme hauagi ukiondoka. Kisha nikalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili, nikafungua video kadhaa na kuzirusha mpaka mwisho. Hapa wengi ndipo wanapolala. Kuliona jina la faili siyo kuiona video.

Halafu ndipo nikabonyeza kitufe cha kulia juu ya alama ya diski, nikachagua Format, exFAT, nikasoma herufi ya diski mara mbili. Sekunde chache, kwisha.

Na mkiambiwa diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, msikubali! Mwaka jana mpwa wangu alichomeka diski ya mteja iliyofomatiwa kwa mfumo wa Mac. Windows haikuielewa, ikamwomba aifomati, kijana akabonyeza ndiyo. Hatukuandika chochote tena humo, tukapitisha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, ni ya bure. Picha nyingi zilirudi, majina yote yakapotea. Nilikaa siku tatu namtenganisha bibi harusi na ng'ombe wa mahari.

Kwa bei yake ningeinunua tena kwa kuhifadhi, siyo kwa kuhariria moja kwa moja, na ningenunua waya wa akiba siku hiyohiyo. Kama mfuko unaruhusu TB 2, chukua mbili za TB 1.

Haya, kurudisha vitu kumekwisha. Nabonyeza kuitoa, nasubiri taa izime... imezima. Ngoja nimpelekee jirani diski yake, ameshapiga simu mara mbili.