Nimeuziwa CD ya Linux Kariakoo: Knoppix safi, duka hapana (nafikiri)

Kama unatafuta CD ya kuwashia kompyuta iliyogoma, kuna duka moja Kariakoo, jina nalimeza, usiende. Au nenda, ila usimuulize chochote yule kijana wa kaunta.

Windows ya laptopu yangu iligoma kuwaka, na humo ndani kulikuwa na rekodi za mazoezi ya kwaya yetu ambazo hakuna mwingine anazo. Nilitaka kuiwasha bila kugusa diski, nihamishie mafaili kwenye flashi, basi. Knoppix, aina ya Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows ulivyo) inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD, kazi yake ndiyo hiyo. Nikainunua, nikaingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), nikaipanga CD iwe ya kwanza kusomwa. Picha ya mwanzo ikaja vizuri, maandishi yakaanza kushuka, halafu yakakwama: mfumo wa KNOPPIX haujaonekana, samahani. Hiyo samahani aliiandika Mjerumani ambaye hata hanijui, na ndiyo pekee niliyoipata siku ile, maana nilipoirudisha CD dukani kijana hakuinua macho kwenye simu yake.

"Mama, mashine yako imekufa. Tuna hadidiski mpya hapa."

Hajaiwasha. Hajaifungua hata mfuniko! Nikaenda kuijaribu CD kwenye kompyuta ya jirani, nzima kabisa, anafanyia kazi kila siku. Samahani ileile. Yaani mashine mbili zimekufa kwa mpigo?

Fundi mmoja wa ghorofani, jengo la pembeni, aliigeuza CD kwenye mwanga, akacheka. Imechomwa kwa spidi ya juu kabisa, tena kwenye CD tupu za bei chee. Pengine inasomeka, pengine haisomeki. Akachoma nyingine kwa spidi ya chini huku tukipiga stori. Kisha akanionyesha kitu ambacho ningeomba kila muuzaji akijue: ikiwaka, kwenye mstari wa mwanzo unaandika knoppix testcd, nayo inajikagua faili kwa faili kabla hujaitegemea. Ikatoka safi. Rekodi zote nikazihamisha.

Nikataka kuzisikiliza kwanza nihakikishe hazijaharibika. Kimya. Hapo nikaikasirikia Knoppix yenyewe, nakiri. Klaus Knopper, yule Mjerumani aliyeitoa mwaka 2000, ndiye huyohuyo aliyetengeneza Adriane, mfumo unaosoma menyu kwa sauti kwa ajili ya wasioona, akaupa jina la mkewe mwenye ulemavu wa kuona. Sasa iweje CD ya mtu kama huyo iwe bubu kwangu? Nikapiga simu dukani (sijui nilitegemea nini). "Linux haina sauti, mama. Nunua Windows." Akakata.

Ina sauti. Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika alsamixer, programu ya kupangia sauti. Zinatokea nguzo zilizosimama kama za kwenye redio kubwa za zamani. Bonyeza F6 uone kadi za sauti: kwangu ya kwanza ilikuwa HDMI, yaani muda wote sauti ilikuwa inapelekwa kwenye runinga ambayo sijaiunganisha. Nikachagua ya pili. Chini ya nguzo ya Master pameandikwa MM, maana yake imezibwa mdomo. Bonyeza herufi M, inageuka OO, kisha panda na mshale wa juu. Ya Speaker nayo vilevile. Sauti ya pili ya kwaya ililipuka chumbani hadi mtoto akaamka. Kwa dakika hiyo Knoppix nilikuwa tayari kuipa nyota zote.

Nikazima. Kesho yake nimewasha, MM imerudi palepale. CD haiandikiki, kwa hiyo mpangilio wa sauti hauna pa kukaa, na kila ukiwasha unaanza upya. Inaudhi sana, nyota moja naiondoa. Ingawa nilivyoinunua si nilitaka kitu kisichoandika popote? Basi irudi, lakini nusu.

Duka ni sifuri. Tatizo, Jumapili jioni ukiwa na shida ya haraka ndilo pekee linalokuwa wazi mtaa ule, na fundi wa ghorofani Jumapili hapatikani hata kwa simu. Kwa hilo labda nyota moja.

Hapana. Nimekumbuka ile hadidiski. Sifuri.