TAHADHARI: "Udi wa kuanzia" unaouzwa kwenye magrupu, wana Kigoma msitume hela kabla ya kusoma hapa

Ndugu zetu wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi, kuna udi (ile ala ya muziki yenye nyuzi, si ule wa kufukiza) unatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa jina la "udi wa kuanzia, orijino toka Misri". Bei yake inavutia, muuzaji anajibu chapuchapu, na anataka nusu ya hela leo hii kwa sababu eti umebaki mmoja. Wapo wanaotuma na mzigo hauji. Wapo wanaoupokea, wakafungua boksi na kukuta kitu chenye sura ya udi ambacho hakipigiki. Hawa wa pili ndio wanaotuumiza roho zaidi, maana mwanafunzi hudhani tatizo ni vidole vyake, anaacha muziki kabisa.

Kile kitu ni pambo la sebuleni. Kimejaa nakshi za plastiki iliyofanana na chaza, kimepakwa vanishi nzito usoni, na ndani kina karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Karatasi hiyo haithibitishi chochote, mtu yeyote anaweza kuichapisha na kuibandika. Muuzaji yuko Dar, kutoka huko mpaka kwetu kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na anajua fika kwamba hakuna atakayeurudisha.

Kwa hiyo dai video, usikubali picha. Picha zinaibwa. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya udi, kisha arekodi bila kukata. Akianza visingizio, achana naye hapo hapo.

Kwanza apime kwa rula urefu wa uzi, kutoka kwenye kipande cha mfupa kule juu mpaka kwenye daraja, kile kijiti kilichobandikwa usoni ambako nyuzi hufungwa. Udi wa Kiarabu una takriban sentimita 61, wa Kituruki 58.5. Shingo iwe theluthi moja ya urefu huo, yaani kama sentimita 20 kwa ule wa kwanza na 19.5 kwa wa pili. Hesabu hii ina kazi yake: ukikandamiza uzi pale shingo inapokutana na tumbo, uzi wa D lazima utoe A (kwa wanakwaya, uzi wa do utoe so). Udi hauna vyuma vya kugawa sauti shingoni kama gitaa, kwa hiyo pale ndipo mkono wako utakapojifunza kujua uko wapi. Mapambo mengi yana shingo ya kukisia tu.

Hapo hapo kwenye kiungo cha shingo na tumbo, apime nafasi kati ya uzi na ubao wa shingo. Milimita 3 ni sawa. Ikifika 5, udi huo usiuguse: shingo imeshaanza kuvutwa mbele. Nyuzi 11 za udi, jozi tano na uzi mmoja wa besi, kwa pamoja huvuta kilo zaidi ya 30, na kiungo kilichobandikwa vibaya hulegea taratibu, hasa mzigo ukikaa juani kwenye buti la basi. Kurekebisha ni kuing'oa shingo na kuibandika upya. Fundi wa kazi hiyo hapatikani kirahisi huku kwetu, na seremala mzuri wa vitanda vya mninga si lazima aijue.

Sasa asogeze kamera kwenye ukingo wa tundu la usoni. Ukiona mistari ya tabaka, nyeusi-nyeupe-nyeusi, hiyo ni plaiwudi. Uso wa udi wa kupigwa ni mbao halisi nyembamba isiyo na tabaka, ya mti wa sprusi au mwerezi, karibu milimita 2 tu, yenye vipingo vya mbao ndani. Plaiwudi nene haitikisiki, ndiyo maana sauti inatoka kama unagonga meza. Tazama pia sehemu kati ya tundu na daraja: ikiwa imebonyea, au nyuma ya daraja karatasi inapenya chini yake, achana nao.

Funguo nazo, vile vijiti vya kukazia nyuzi kichwani. Achomoe moja na kuisogeza karibu. Ufunguo mzuri umechongwa ukipungua unene kuelekea nchani, na una mikanda miwili inayong'aa, mahali unaposuguana na kuta zote mbili za kichwa. Mkanda ukiwa mmoja tu, ufunguo unashika upande mmoja. Utatyuni asubuhi, mchana nyuzi zimelegea. Kiangazi, kuanzia Juni, mbao hukauka na hata funguo nzuri huteleza kidogo. Hilo si kosa la muuzaji, paka chaki na sabuni kavu ya mche: sabuni hulainisha, chaki hushika.

Udi uliotumika, wenye mikwaruzo na nyuzi zilizochakaa lakini kiungo na daraja salama, ni bora mara nyingi kuliko huo mpya unaong'aa. Nyuzi hubadilishwa. Ila akikwambia amefunga nyuzi za chuma za gitaa "zidumu", kataa. Udi hutumia nailoni na nyuzi za besi zilizoviringishwa waya mwembamba, chuma kitang'oa daraja.

Kuhusu malipo, mtume ndugu au rafiki aliyeko Dar akaushike kwa mikono yake, na hela itoke baada ya hapo. Muuzaji asiyetaka kuonana na mtu ana sababu.

Kama umeshaupokea na kiungo kimeanza kufunguka, legeza nyuzi zote leo, usisubiri. Na kama umetuma hela na amezima simu, piga haraka huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, uwape namba ya muamala kabla hajazitoa, kisha ripoti namba yake kwenda 15040 na uende polisi. Usifute mazungumzo wala ile video.