Banda umiza la huku Mbagala kwa mechi za mtoano: hawafungi mapema, ila picha ilikuwa inachelewa

Mtoano wote wa AFCON ya Ivory Coast, ile ya mwanzoni mwa 2024, niliuangalia kwenye banda moja la huku Mbagala, naandika maana naona watu wanauliza wapi pa kuangalia mechi za usiku.

Kiingilio makundi ilikuwa jero, kuanzia 16 bora wakapandisha ikawa buku. Mi sikulalamika, mtoano unaweza kufika dakika 120 na matuta (penalti) na mwenye banda hafungi mpaka mpira uishe. Congo DR na Misri ilianza saa 5 usiku kwa saa zetu ikaisha saa 8 kasoro, matuta 8-7, Gabaski wa Misri kagonga mwamba halafu kipa wa Congo Mpasi akaja mwenyewe kupiga akaweka, aisee banda lilitikisika! Watu wamekaa mpaka juu ya ndoo za rangi, wa Simba wamemfuata Inonga wao, wa Yanga wamemfuata Mayele wao wa zamani, wote wa Congo, birika la kahawa linapita na hakuna aliyenyanyuka. Banda nililokuwa naenda zamani saa 6 wanazima.

Sasa kasoro. Picha walikuwa wanatoa intaneti, sio dishi, ndo maana ilikuwa inachelewa. Robo fainali Mali na Ivory Coast, Diarra wa Yanga yupo golini, Mali wanaongoza 1-0 na wenyeji wako pungufu, dakika ya 90 kwetu mpira bado uko katikati mara tunasikia baa ya barabarani wanalipuka, tunakaa tunasubiri, ndo tunamuona Adingra anasawazisha. Ikajirudia dakika ya 120+2, goli la ushindi la Diakité wa Ivory Coast. Kijana pembeni yangu na jezi yake ya kijani alishatoka nje kabla goli halijafika kwenye skrini yetu. Iliniuma sana. Ligi utavumilia, wiki ijayo kuna mechi nyingine, ila mtoano goli moja ndo safari imeisha halafu unapewa taarifa na makelele ya jirani, hapana kwa kweli.

Tulimwambia mwenye banda, hakubisha, nusu fainali tukakuta dishi juu ya bati. Fainali na Nigeria, goli la Haller dakika ya 81 tulipiga kelele sawa na wa baa.

Nawapa nyota 4. Fikeni mapema mkae benchi za mbele, na mvae mikono mirefu, upande wa ukutani mbu ni wengi.