Amplifaya ya gari Mombasa: jua itakaa wapi kabla ya kuinunua

Msimu wa kaskazi, gari lililoachwa juani pale Mwembe Tayari saa saba mchana huwa tanuri. Nje ni nyuzi 32 au 33. Ndani, vioo vikiwa vimefungwa, joto hupita 50. Humo ndimo tunamotia amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya muziki iendayo kwenye spika, nayo inatoa joto lake yenyewe, tukaibana pembeni pasipopita hewa. Ndiyo maana naanza na mahali. Ukishajua itakaa wapi, utajua ununue ipi.

Yangu ya kwanza ilifungwa chini ya ile rafu iliyo nyuma ya viti vya abiria, tumbo juu, mgongo chini. Siku moja kwenye foleni ya feri ya Likoni, jua likiingia kwa kioo cha nyuma, muziki ulikatika na taa ya kijani ikawa nyekundu. Nilifungua buti nikaigusa, nikatoa mkono mara moja. Baada ya robo saa iliwaka tena, na foleni ya kesho yake ikazima vilevile. Haikumaliza miezi mitatu, upande mmoja ukafa. Fundi aliyeifunga alilaumu mashine. Nikanunua nyingine ya aina ileile, nikaifunga ubavuni mwa buti, na mpaka leo haijazima.

Joto hili latoka wapi? Amplifaya hugawanywa kwa klasi, yaani namna sakiti zake zinavyofanya kazi. Ya klasi AB ikipigwa kwa nguvu, katika kila wati 100 inazovuta kwenye betri, hupeleka kama 50 au 60 kwenye spika. Zilizobaki ni joto tupu. Ya klasi D hufikisha 80 na zaidi. Kwa hari ya hapa kwetu ningeongeza pesa nichukue klasi D, hasa ya kuendesha sabufa, ile spika kubwa ya besi. Na ukiona boksi limeandikwa wati 3000, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa mashine. Fyuzi mbili za ampea 30 ni ampea 60. Zidisha kwa volti 14, umeme unaoingia ni wati 840. Hizo 3000 haziwezi kutoka humo.

Sasa mahali. Namba moja, bila kusita, ni ubavu wa buti, mashine ikiwa imesimama wima. Yale mapezi ya alumini yaliyopangika kama meno ya kitana yaelekee juu na chini. Hewa moto hupanda, nayo ikipanda katikati ya mapezi huvuta nyingine ya baridi kutoka chini. Mapezi yakilazwa kulia na kushoto, hewa hukwama. Mwambie fundi aifunge kwanza kwenye kipande cha plaiwudi, kisha plaiwudi kwenye bodi, na aache upana wa vidole vitatu kila upande. Probox na Fielder zafaidi zaidi, kwa sababu buti lao li wazi na AC inafika. Kwa gari lenye buti la kufungwa, mgongo wa kiti cha nyuma wafaa pia, ikiwa kiti hakikunjwi.

Namba mbili ni chini ya kiti cha mbele. Miongozo mingi ya nchi za baridi huonya dhidi ya mahali hapa, maana magari mengi yana tundu chini ya kiti linalopeleka hewa ya hita kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Mombasa nani huwasha hita? Tundu lilelile hapa hutoa ubaridi wa AC ukiielekeza miguuni, na amplifaya huupata wa kwanza. Lakini nunua ile ndogo ya klasi D, na uende dukani na vipimo: sogeza kiti mbele kabisa, kisha nyuma kabisa, pima kimo mahali pa chini zaidi, utoe angalau sentimita tatu za kupitisha hewa. Iinue juu ya vipande vya mbao. Mvua za Aprili na Mei kapeti hulowa, na mchanga wa Bamburi unaokuja na viatu huingia kwenye feni.

Sakafu ya buti ni ya tatu. Yafaa mpaka siku utakayotoka Kongowea na magunia ukayarundika juu yake.

Shimo la tairi la spea silipendi. Limefunikwa, maji ya mvua hutuama humo, na bila feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa, ni sufuria yenye kifuniko. Juu ya boksi la sabufa ni pabaya kwa sababu nyingine: mtetemo hulegeza skrubu na kupasua lehemu iliyounganisha vifaa vya ndani. Ya mwisho kabisa ni kule kwangu kwa kwanza, chini ya rafu. Ikigeuzwa, joto la mapezi hupanda na kurudi ndani ya mashine yenyewe.

Waya nao usiudharau. Mwembamba hupunguza volti, na baadhi ya mashine hujazia kwa kuvuta ampea zaidi, yaani joto zaidi. Kwaruza ncha kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, basi chukua nene zaidi au utafute shaba tupu. Fyuzi kuu isipite sentimita 45 kutoka kwa betri. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, rangi ikwaruzwe mpaka chuma kionekane, kisha upake grisi, maana chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu.

Kazi ikiisha, piga muziki kwa saa nzima kwa sauti unayoizoea, gari likiwa juani. Weka kiganja juu ya mapezi uhesabu hadi kumi. Ukishindwa kufika tano, mwambie fundi aihamishe kabla hujamalizia malipo.